Pete ya Shimo la Saba

Niliachwa kwa sababu ya kopo. Watu nikiwaambia hivyo hucheka kwanza, maana wananijua kwa utani, na mimi huwaacha wacheke. Wenzangu wameachwa kwa uke wenza, kwa ugumba, kwa maneno ya mawifi. Mimi niliachwa kwa kopo la maziwa lililofukiwa kwenye kiwanja cha gofu cha Wazungu, Kisarawe, mwaka wa arobaini na saba, na mwanamume aliyeniacha alikuwa hawezi kula kama mimi sijaketi.

Ilikuwa Ijumaa, kabla ya adhuhuri. Nilikuwa uani natwanga kisamvu. Nikasikia hatua za mume wangu zikija upande wa mbele, nikashangaa, kwani saa ile ilikuwa bado saa ya kazi. Nikaweka mchi chini, nikafuta mikono kwenye kanga, nikapita ndani kwenda mlango wa mbele nikiwa nimeshaanza kutabasamu. Ndoa yetu ilikuwa na miezi kumi na minne tu. Bado nilikuwa natabasamu kila nikimsikia anakuja, na sioni haya kusema.

Nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa baraza, kofia magotini, uso ameuelekeza barabarani.

"Bwana, mbona mapema? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi ingia ndani, jua kali."

"Siwezi kuingia."

Nikacheka. Nilidhani ana matope miguuni, maana juzi yake nilikuwa nimempigia kelele kwa kunichafulia mkeka. Nikamwambia, "Matope ya leo nimekusamehe. Ingia."

"Tatu," akasema, na bado hakunitazama, "niletee maji ya kunywa. Usinipe mkononi. Weka hapo chini, nitachukua mwenyewe."

Nikaleta maji kwenye kata, nikaiweka chini kama alivyotaka. Akanywa yote bila kupumzika. Halafu akaingiza mkono mfukoni, akatoa leso, akaifungua fundo juu ya goti lake. Ndani mlikuwa na pete ya dhahabu yenye jiwe jeupe, na matope meusi yalikuwa bado yamekwama pembeni mwa jiwe.

Sikumuuliza ni ya nani. Kisarawe nzima ilikuwa ikiizungumza pete ile kwa wiki mbili bila kuiona. Nikashika mwimo wa mlango, nikaketi pale pale kizingitini. Mimi ndani, yeye nje.

Lazima nieleze kazi yake, ama sivyo mtaniona mwendawazimu. Mume wangu alipelekwa vitani Burma, na huko alifundishwa kutafuta mabomu yaliyofukiwa njiani. Walimpa mtambo: betri ya kubeba mgongoni, mti mrefu wenye sahani ya duara mwishoni, na vizibo viwili vya masikioni vya kusikilizia. Sahani ikipita juu ya chuma, mtambo unalia masikioni. Wenzake wengi walikufa kwa kazi ile. Yeye alirudi mzima, ila akawa na tabia ya kukwepa mahali ambapo majani yamelala, hata kwenye njia ya kwenda kisimani.

Katibu wa klabu ya gofu, Mzungu aliyekuwa afisa vitani, alikuwa amepata mtambo kama ule katika vitu vilivyoachwa na jeshi, akamwajiri mume wangu. Na Wazungu wale wanapoteza vitu, jamani! Saa, funguo, viberiti vya fedha, hata jino la dhahabu. Mtu anakuja kupiga kijipira kisichozidi yai, anarudi nyumbani hana saa. Mume wangu huvaa mtambo wake, hupita polepole ameinamisha kichwa, na kabla ya alasiri kitu kimepatikana. Alipata sifa. Na sifa, niseme ukweli, zilikuwa zimempanda kichwani.

Pete ya memsabu mmoja ilipotea siku ya Jumatatu. Mume wangu akaitafuta siku nne. Alhamisi alasiri alikuwa hajaambulia kitu isipokuwa misumari na kipande cha jembe la zamani. Alipokuwa anavua mtambo, wafanyakazi wenzake wakaanza kumtania. Hilario, mkata majani, Mkristo wa hapo hapo Kisarawe na rafiki yake mkubwa, akamwambia, "Ndugu yangu Mwinjuma, mtambo mzima huu, ila masikio nadhani uliyasahau Burma."

Wote wakaangua kicheko. Mume wangu hakucheka. Akasimama katikati ya watu akasema, "Wallahi, kama pete ile imo ndani ya kiwanja hiki, mke wangu Tatu hana ndoa, talaka tatu!"

Basi, ndiyo hayo tu. Wanaume wa kwetu huyasema hayo kwenye bao na sokoni, mtu akibishiwa kidogo ameshamtoa mkewe nje ya nyumba kwa mdomo, na jioni anarudi kula kama kawaida. Mimi nililetewa habari na jirani siku ile ile. Nikamnunia mume wangu siku mbili, nikamwambia siku nyingine aape kwa mtambo wake, mimi aniache nipike. Akaniomba radhi, tukapatana.

Lakini kiapo kilikuwa kimefika kwa katibu. Naye akasema, "Ikiwa Mwinjuma ameapa kwa mkewe kwamba pete haimo kiwanjani, basi imeibwa." Nani alikuwa anakata majani upande ule siku ya Jumatatu? Hilario. Kesho yake askari wakamchukua, na sasa alikuwa ametimiza wiki moja mahabusu.

Haya yote yalinipita kichwani pale kizingitini, wakati mume wangu anaifunga tena leso yake.

"Umeiona wapi?" nikamuuliza.

"Shimo la saba. Kila shimo pale lina kopo ndani yake, udongo usiporomoke. Leo nimetumwa kubadilisha makopo yaliyoshika kutu. Nilipong'oa la saba, limejaa matope ya mvua, na pete imo ndani ya matope. Memsabu aliingiza mkono kutoa mpira wake, ikamchomoka kidoleni."

"Nani amekuona?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Mungu."

"Huyo namjua," nikasema. "Nauliza watu."

"Hakuna mtu, Tatu."

"Basi nisikilize. Itupe chooni sasa hivi. Au Jumapili tukienda kwa baba, itupe mtoni Ruvu, mamba waivae. Hujaona kitu. Pete haimo kiwanjani, uliapa kweli, na mimi ni mke wako. Ingia ndani ule."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na Hilario?"

Petronila, mke wa Hilario, alikuwa amepita mlangoni kwangu asubuhi ile ile amebeba uji wa kumpelekea mumewe. Wiki nzima alipita hivyo, na kila akipita ananisalimu, ingawa alijua vizuri kiapo cha nani kilichomfikisha mumewe kule. Hakuwahi kunikunjia uso. Ningependa kuwaambia kwamba nilimwonea huruma mara moja. Sikumwonea. Nilimchukia Petronila kwa uji wake na kwa salamu zake, na kwa sababu mumewe angerudi nyumbani siku ambayo wangu anatoka.

"Atatoka tu," nikasema. "Hawana ushahidi."

"Kesi ni Jumatano. Katibu anasema hatakosa miaka miwili."

"Na mimi nitafungwa miaka mingapi?"

Hapo ndipo aliponigeukia. Alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku aliponisimulia wenzake waliobaki kwenye misitu ya Burma. Machozi yalikuwa yanateremka bila sauti. Mkono wake ukainuka kuja upande wangu kama ulivyozoea, ukafika katikati, ukarudi kwenye goti.

"Nenda," nikamwambia. "Nenda kairudishe kabla sijakushika huo mkono."

Akainuka, akaenda. Mimi nikarudi uani nikamalizia kisamvu changu, nikakitwanga mpaka kikawa maji. Jua lilikuwa halijazama niliposikia vigelegele nyumbani kwa Petronila.

Siku mbili zilizofuata mume wangu alikaa kwa Hilario. Aliyetiwa mahabusu kwa kiapo chake ndiye aliyempa mkeka wa kulalia, na kila siku akiniletea mwenyewe kuni mlangoni, Hilario huyo, bila kujua aniambie nini. Jumamosi alijitahidi.

"Shemeji," akasema, "ningejua, nisingemtania."

"Ungemtania tu, Hilario. Na yeye angeapa tu. Lete hizo kuni."

Mwalimu wa madrasa pale Kisarawe alikataa kuamua. Alituita sote wawili, akatuketisha mbali mbali, akasema, "Mimi nafundisha watoto alifu. Nendeni Gwata kwa Mwalimu Kitwana aliyewaozesha. Atakuuliza swali moja tu, kijana. Ulipoapa, moyo wako ulikuwa na hakika kwamba pete haimo? Kama ulikuwa na hakika, wako wanazuoni wanaosema mtu aliyeapa kwa kutojua hashikwi. Lakini kama ulikuwa na shaka, ukaapa hivyo hivyo, basi imepita, na hakuna wa kukurudishia."

Mnajua nilivyofurahi? Nilirudi nyumbani nikiimba. Swali moja tu! Nani asiyejua jinsi mume wangu alivyouamini mtambo wake? Nikatoa kanga zangu mpya, zile alizoniletea alipotoka vitani, nikazifukiza udi kama ninayekwenda harusini.

Jumatatu tukapanda treni Pugu. Yeye akaketi benchi la mbele, mimi benchi la nyuma yake, karibu na mama mmoja mwenye tenga la kuku. Tulikuwa hatujafika mbali mama yule akaninong'oneza.

"Yule ndiye bwana wako? Naona unamtazama kisogo tu."

"Tutajua leo," nikamjibu.

Akanitazama, akavuta tenga lake, hakuniuliza tena mpaka aliposhuka Soga.

Nilikuwa namtazama kisogo kweli. Mara ya kwanza kumwona ilikuwa stesheni ya Ruvu, siku vijana wanapandishwa treni kwenda vitani. Mimi nilikuwa nauza miwa. Alinunua muwa mmoja, hakuula. Aliushika tu begani kama bunduki na kunikodolea macho, mpaka nikacheka, na alipoona nimecheka akauliza jina langu, na treni ikaanza kuondoka. Nilikimbia nayo nikimwambia jina la baba na jina la kijiji. Barua ya kwanza ilifika baada ya miezi mitano. Nilimngoja miaka minne. Abeid mwenye duka pale Ruvu alileta posa mara tatu, na mara tatu nilimwambia baba nitajitia mtoni. Baba hakunisemesha mwaka mzima. Hata aliponiozesha aliniozesha kwa kinyongo, akasema atakuja kuona mwisho wake.

Soga watu walipungua. Nikasogea mbele, nikaongea na kile kisogo.

"Umeshafikiri utakavyojibu?"

"Nimefikiri."

"Hebu nisikie." Nikaiga sauti ya Mwalimu Kitwana, puani. "'Kijana, ulipoapa ulikuwa na hakika?'"

Akaivua kofia, akaiweka magotini.

"Sema, 'Nilikuwa na hakika, Mwalimu.' Maneno manne. Hata kasuku anaweza."

"Tatu, mtambo unalia kwenye kila shimo."

"Unalia nini?"

"Unalia kwa sababu ya makopo. Ukiupitisha karibu unapiga kelele mpaka masikio yanauma, na huwezi kujua kama chini ya kelele ile kuna kitu kingine. Kwa hiyo nilikuwa nayaruka mashimo. Nikifika pale nazunguka, naendelea."

"Ulisahau. Mtu husahau."

"Sikusahau. Ilinipasa niyang'oe makopo yote tisa, nichimbue udongo wa chini kwa mkono, ndipo nipitishe mtambo. Vitani ndivyo tulivyokuwa tukifanya, na aliyeruka hakurudi. Alhamisi ile nilikuwa nimebakiza mashimo tu, na nilijua nimeyabakiza. Nikaona wingu la mvua linakuja, na..."

"Na nini?"

"Na asubuhi uliniambia unapika kuku wa nazi. Uliniambia niwahi."

Nikarudi nyuma kwenye benchi langu. Kuku yule! Nilimchinjisha kwa sababu mwezi ule nilikuwa nimechelewa kuziona siku zangu, na nilitaka kumwambia tukiwa tunakula. Jirani akaja na habari za kiapo kuku hajaiva, nikanuna, sikumwambia. Jumamosi ya wiki ile ile nikaziona. Kwa hiyo hapakuwa na la kumwambia, na sikumwambia, hata kwenye treni ile sikumwambia. Nilitazama nje mpaka macho yakakauka, ndipo nikasogea tena.

"Kwa hiyo ulipoapa ulijua."

"Nilijua kwamba sijui."

"Hiyo si shaka. Huo ni uchovu. Mtu aliyechoka hana shaka, amechoka tu. Sema ulikuwa na hakika."

"Tatu..."

"Mungu ni mwenye kusamehe. Nitakaa macho nikikuombea mpaka nizeeke. Nitafunga Jumatatu na Alhamisi. Dhambi yote niachie mimi, nitaibeba mimi! Miaka minne nimekungoja, bwana. Wenzangu walizaa, wakaachisha, wakazaa tena, mimi nasoma barua zako. Leo unataka kuniacha kwa kukosa neno moja?"

"Na kila nikikushika nitakuwa najua."

"Mimi sitajua. Nitasahau."

Nikaona shingo yake inatikisika kidogo, nikajua anacheka. "Wewe? Wewe unajua kusahau? Bado unanikumbusha muwa ule nilioununua nisiule."

Nikacheka na mimi, halafu tukajikuta hatucheki tena. Nilitamani kuweka paji la uso wangu pale kwenye shingo yake, palikuwa karibu kabisa, lakini sikuweka. Treni ikapunguza mwendo.

"Nitajaribu," akasema.

Nilitembea kutoka Ruvu mpaka Gwata nikilishika neno lile. Yeye mbele, mimi nyuma, mashamba ya mpunga pande zote mbili, na kila tulipokutana na watu wakatusalimu kama mke na mume, tukaitikia.

Baba alikuwa sebuleni na Mwalimu Kitwana. Nikawaamkia kwa magoti, nikaambiwa nikae chumbani nyuma ya pazia la mlango, nisikie nisionekane. Mume wangu akabaki kwenye mkeka mbele ya wazee.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," Mwalimu akajibu peke yake. Baba alikuwa na lake la kusema kwanza.

"Mwinjuma, mimi nilisema tangu mwanzo. Mtu anayeisikiliza ardhi kutwa nzima, mke atamsikiliza saa ngapi? Ukamweka binti yangu kwenye kiapo mbele ya wakata majani! Huyu si ng'ombe. Na nikuambie mapema, ikiwa imepita, usianze kunizungukia na hila za kumwozesha mtu wa siku mbili ili umrudie. Abeid bado anamtaka, na Abeid si mtu wa kuoa ili aache."

"Nimekuelewa, baba."

"Mzee Pazi, niachie sasa," akasema Mwalimu Kitwana. Alikuwa mzee mpole, na sauti yake kweli hutokea puani. "Kijana, habari zote nimezipata. Nakuuliza moja tu, na ulifikiri kabla hujanijibu, maana hapa hakuna shahidi wa moyo wako ila wewe. Siku ile ulipoapa, ulikuwa na hakika kwamba pete haimo?"

Pazia lilikuwa na upenyo pembeni. Mume wangu akainua macho, akanikuta. Mimi ninayemwogopa Mungu, binti wa mzee Pazi, niliyehitimu juzuu kumi, nilimwashiria kwa kichwa. Sema. Nikamwashiria tena. Midomo yangu ikatamka bila sauti maneno yale manne.

Akanitazama muda mrefu. Sijawahi kutazamwa vile, kabla ya siku ile wala baada yake. Macho yake yalikuwa yakinizunguka usoni polepole, paji, nyusi, kinywa, na nikaanza kuelewa kwamba hakuwa anatafuta jibu. Alikuwa ananitazama akiwa bado ana ruhusa.

"Nilikuwa na shaka, Mwalimu," akasema.

Baba akaguna.

"Fikiri, kijana," akasema Mwalimu. "Sikuharakishi."

"Nimefikiri. Mashimo tisa sikuyapima, na nilijua sijayapima. Niliapa upesi ili watu wanyamaze nirudi nyumbani."

"Na talaka tatu ulizitaja mwenyewe?"

"Kwa ulimi wangu."

Mwalimu Kitwana akafunga kitabu alichokuwa hata hajakifungua vizuri. "Basi imepita. Ningefurahi uniambie vingine. Binti Pazi, unasikia huko ndani? Eda yako utaikaa hapa kwa baba yako."

"Nasikia, Mwalimu."

Nilitegemea baba ashangilie. Alikuwa ameingoja siku ile tangu harusi yetu. Lakini alikaa akitazama miguu yake, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mpeni mtu maji." Hakuna aliyeinuka. Katika nyumba ile mleta maji nilikuwa mimi.

Nilimchukia mume wangu. Nilimchukia kwa moyo wote, nikang'ata kanga nisipige kelele. Maneno manne tu, na alishindwa! Na hapo hapo, katikati ya kumchukia, nilijua kwamba kama angeyasema ningerudi naye Kisarawe nikiwa na mtu mwingine, mtu niliyemfundisha mimi kwenye treni, na kwamba huyu aliyekuwa anainuka kwenye mkeka ndiye niliyemngoja miaka minne. Sikupata faraja yoyote kwa kulijua hilo. Ilizidi kuniuma.

Aliwaaga wazee kwa mikono miwili. Baba akampa mkono, hata hakuuondoa haraka. Akavaa viatu mlangoni, akavaa kofia, akakata uwanja kuelekea njiani, hakugeuza uso. Nikapita kwenye pazia, nikapita mbele ya baba na Mwalimu bila kuomba radhi, nikasimama mlangoni.

Mwanamke wa kwetu hamwiti mumewe kwa jina. Tangu siku aliyonioa nilimwita bwana, nilimwita wewe, nilimwita sikia, na tukiwa peke yetu nilimwita mengine ambayo sitayaandika hapa. Jina lake halikuwahi kunitoka mdomoni.

"Mwinjuma!"

Akasimama pale alipofika. Hakugeuka, lakini niliyaona mabega yake yalivyoshuka.

"Treni ya kurudi ni saa kumi," nikamwambia. "Usije ukaikosa."

"Ahsante, Binti Pazi," akanijibu, akashika njia.